Kidonda cha mama hakijafika nusu kwa wiki nne: hesabu inasema nini hasa?

*"Mama yangu ana miaka 61 na amekuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka 14. Alivaa viatu vipya, akatokwa na lengelenge chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, likapasuka likawa kidonda. Tunampeleka kliniki hapa karibu na kwetu Umoja. Nesi huchora kidonda kwenye plastiki angavu na kuandika ukubwa wake kwenye kadi: mara ya kwanza sentimita 6 za mraba, na baada ya wiki 4 sentimita 4.6. Mimi nilifurahi kwa sababu kinapungua, lakini nesi akasema 'hakijafika nusu', na kwamba huenda akaandikiwa rufaa. Mama kusikia rufaa akaelewa ni kukatwa mguu, na sasa hataki kurudi. Jirani yetu naye ana kidonda kwenye muundi. Chake kilipungua sentimita 5 nzima kwa mwezi huo huo, kutoka 30 hadi 25, na anatuhimiza tutumie dawa anayopaka yeye. Mdogo wangu anasoma hisabati chuo kikuu. Anasema wanasayansi wana milinganyo ya kukokotoa jinsi kidonda kinavyopona. Je, tukiweka vipimo vya mama humo tutapata tarehe ya kupona? Na hiyo nusu inatoka wapi?"*

Dada, nianze na mama, hesabu itafuata. Rufaa aliyoitaja nesi haina maana ya kukatwa mguu. Maana yake ni kwamba kuna kitu kinachokizuia kidonda kufunga, na kliniki ya mtaani huenda haina vifaa vya kukitafuta. Miguu mingi ninayoona ikipotea hupotea kwa sababu watu walikaa na kidonda miezi mingi wakibadilisha dawa za kupaka bila mtu kuuliza kwa nini hakifungi. Nesi wenu ameuliza swali hilo wiki ya 4. Amefanya kazi nzuri sana, na ningependa mama alisikie hilo kabla ya lingine lolote.

Mdogo wako amesema kweli pia. Milinganyo ipo, na watu wameifanyia kazi kwa miongo kadhaa. Ila haitawapa tarehe. Nitaeleza inatoa nini badala yake, kwa maana nadhani ndicho mnachokihitaji zaidi.

Tuanze na hiyo nusu. Mwaka 2003 jarida la Diabetes Care lilichapisha utafiti wa wagonjwa 203 wenye vidonda vya mguu vya kisukari, waliofuatiliwa kwa wiki 12. Watafiti, wakiongozwa na Peter Sheehan, waliangalia eneo la kidonda lilikuwa limepungua kwa asilimia ngapi kufikia wiki ya 4. Waliopungua zaidi ya asilimia 53, kati yao asilimia 58 walikuwa wamepona kabisa kufikia wiki ya 12. Waliopungua chini ya hapo, waliopona walikuwa asilimia 9 tu. Tangu hapo matabibu wengi hutumia nusu kama alama ya kuamua: kidonda kikipungua kwa nusu ndani ya wiki 4, endelea na unachofanya; kisipofika, simama uangalie upya.

Hapo watu hukosea mara mbili. Kosa la kwanza ni kuichukua nusu kama hukumu. Tazama tena namba hizo: hata katika kundi lililopita alama, wagonjwa 42 kati ya kila 100 hawakuwa wamepona kwa wiki 12, na katika kundi lililoshindwa, 9 kati ya 100 walipona. Nusu inatenganisha makundi, haimtabirii mtu mmoja. Kosa la pili ni kudhani kwamba asilimia 9 ile ni ya kidonda chenyewe, eti kidonda kilichochelewa kina kasoro ya kuzaliwa nayo. Ile ni picha ya vidonda vilivyokuwa vikienda taratibu chini ya matibabu waliyokuwa wakipata. Ukibadilisha kinachokizuia kidonda, unakihamisha katika hali ambayo ile asilimia haiielezi tena.

Cha mama kimetoka 6 hadi 4.6. Kimepungua sentimita 1.4 za mraba, yaani asilimia 23. Nesi yuko sahihi, hakijafika nusu. Cha jirani kimetoka 30 hadi 25, asilimia 17. Kwa hiyo kwa kipimo cha asilimia mama ametangulia, na kwa kipimo cha sentimita za mraba jirani ameshinda karibu mara nne. Kipi kinasema kweli? Vyote viwili vina upotofu, na mdogo wako ataona haraka ni kwa nini.

Ngozi mpya hukua kutoka ukingoni. Kidonda kikubwa kina ukingo mrefu, na kikisogea milimita moja tu pande zote kinameza eneo kubwa. Kidonda kidogo kikisogea milimita hiyo hiyo kinameza eneo dogo, lakini asilimia yake ni kubwa. Kwa hiyo sentimita za mraba huvipendelea vidonda vikubwa na asilimia huvipendelea vidogo. Mwaka 1990 Thomas Gilman alipendekeza njia nyepesi ya kuliondoa tatizo hilo: chukua eneo lililopungua, uligawanye kwa wastani wa mzingo wa kidonda mwanzoni na mwishoni. Unachopata ni umbali ambao ukingo umesogea kuelekea katikati.

Tufanye kwa mama, tukichukulia kidonda ni cha mviringo. Eneo la 6 lina mzingo wa takriban sentimita 8.7, na eneo la 4.6 lina mzingo wa 7.6. Wastani ni kama 8.15. Gawanya 1.4 kwa 8.15, unapata sentimita 0.17, yaani milimita 1.7 kwa wiki 4. Ukingo wa kidonda cha mama unasogea karibu milimita 0.43 kwa wiki. Ukifanya vivyo hivyo kwa jirani unapata milimita 2.7 kwa wiki 4, au kama 0.67 kwa wiki. Sasa angalia umbali uliobaki. Mama ana milimita 12 kutoka ukingoni hadi katikati. Jirani ana 28. Kila mmoja akiendelea kwa kasi yake hiyo, mama ana wiki 28 mbele yake na jirani ana 42. Yule mnayemwonea wivu ana safari ndefu zaidi.

Na jambo hili nililiona la kupendeza nilipolikokotoa mara ya kwanza: kidonda cha mama kingefika nusu, yaani 3, kama ukingo wake ungesogea milimita 4 kwa wiki 4. Milimita moja kwa wiki. Kwa mwendo huo kingebakiwa na milimita chini kidogo ya 10, na kingefunga wiki 10 baadaye, jumla wiki 14. Kwa kidonda cha ukubwa huu, alama ya nusu kwa wiki 4 na lengo la kufunga karibu wiki ya 12 ni jambo moja lililosemwa kwa njia mbili. Nusu haikutoka hewani. Kwa hiyo swali letu sasa limekuwa wazi: ni kitu gani kinachoufanya ukingo wa mama usogee milimita 0.43 badala ya 1?

Hapa ndipo modeli zenyewe, yaani ile milinganyo ya mdogo wako, zinapoingia, maana hadi sasa tumefanya hesabu za kugawanya tu.

Fikiria kipara katika uwanja wa mpira wa mtaani, pale mbele ya goli. Nyasi hazitaanguka kutoka juu. Zitarudi kutoka pembeni, kwa kutambaa na kwa kuchipua. Seli za ngozi hufanya hivyo hivyo: zinatambaa na zinagawanyika. Mwaka 1937 R. A. Fisher aliandika mlinganyo wa aina hiyo akiwa anachunguza jinsi jeni lenye faida linavyoenea katika jamii ya viumbe. Mwaka huo huo Kolmogorov, Petrovsky na Piskunov walishughulikia mlinganyo huo huo huko Urusi. Walionyesha kwamba hatimaye unatokea ukingo unaosonga kwa kasi isiyobadilika, na kasi hiyo ni mara mbili ya kipeuo cha pili cha zao la mambo mawili: jinsi seli zinavyotawanyika, na jinsi zinavyozaliana.

Mwaka 1990 Jonathan Sherratt na James Murray wa Uingereza walichukua wazo hilo wakaliweka kwenye kidonda cha ngozi ya juu. Waligundua kwamba kutambaa na kugawanyika peke yake hakulingani vizuri na vipimo vya vidonda halisi. Walilazimika kuongeza kemikali ambazo seli hutoa zenyewe kuamrisha au kuzuia mgawanyiko. Somo lao bado liko hai: ngozi haijazi pengo tu, inapokea maagizo, na maagizo yakiharibika ukingo husimama hata kama seli zipo.

Chukua sehemu ile ya kipeuo cha pili uitumie kwa mama. Kasi yake ni 0.43 ya ile tunayoitaka. Ili kasi ishuke kiasi hicho, zao la kutambaa na kuzaliana lazima lishuke hadi 0.43 mara 0.43, ambayo ni 0.18. Chini ya moja ya tano. Ni modeli ghafi, siidai ipime mguu wa mtu. Lakini inanionya jambo ambalo macho hayaoni: kupungua kwa kasi kwa nusu tu kunaficha hitilafu kubwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana sitarajii dawa mpya ya kupaka, hata iwe nzuri vipi, iirudishe hali ya kawaida. Lazima tutafute kizuizi kikubwa. Kwa mguu wenye kisukari, vizuizi vikubwa ninavyovitafuta ni vinne: damu isiyofika, uvimbe usioisha, vijidudu, na uzito wa mwili.

Damu. Mwaka 1919 August Krogh wa Denmark alichapisha hesabu ya jinsi oksijeni inavyotoka kwenye kapilari na kuenea ndani ya nyama inayoitumia. Mlinganyo wenyewe alisaidiwa na Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, ambaye jina lake hadi leo ni kipimo cha wingi wa simu katika mitandao. (Mwambie mdogo wako, mwanafunzi wa hisabati akisikia mtu wa simu alisaidia kueleza jinsi nyama inavyopumua, atajua hakuna somo analosoma bure.) Jibu la hesabu hiyo ni kwamba oksijeni haifiki mbali. Seli ikikaa zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi za milimita kutoka kwenye kapilari, inaanza kukosa. Kidonda cha milimita 24 kutoka upande hadi upande hakiwezi kulishwa kutoka pembeni. Lazima kapilari mpya ziote ndani yake, na hizo ndizo zinazoipa nyama changa ile rangi nyekundu yenye vipunjepunje ambayo nesi huifurahia akiiona.

Mwaka 2009 Chuan Xue, Avner Friedman na Chandan Sen waliunda modeli ya kidonda ambacho mishipa inayokizunguka imepunguziwa damu. Katika modeli hiyo uchache wa oksijeni haupunguzi kasi kwa kiasi hicho hicho tu. Unapunguza seli za kinga zinazokuja, seli hizo ndizo zinazoita mishipa mipya, na mishipa isipokuja oksijeni inabaki chache. Mzunguko unajifunga. Kwa hiyo kwa mtu kama mama, kabla ya jambo lolote la gharama, apimwe damu inavyofika mguuni. Kipimo cha kawaida ni kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Lakini muulize daktari swali hili moja kwa moja: je, mmepima na presha ya kidole cha mguu? Kisukari cha miaka mingi hufanya kuta za ateri ziwe ngumu kama zimepakwa chokaa, kamba ya presha inashindwa kuzibana, na kipimo cha kifundo kinatoka kizuri kwa uongo. Mishipa midogo ya vidole huathirika kwa shida hiyo mara chache zaidi.

Uvimbe, yaani vita vya seli za kinga ndani ya kidonda. Kidonda cha kawaida hupita hatua: damu inaganda, seli za kinga zinakuja kusafisha, nyama na ngozi zinajengwa, kisha kovu linakazwa. Makrofaji, zile seli za kinga zinazomeza uchafu, zina tabia mbili: kwanza za kushambulia, kisha za kujenga. Helen Waugh na Sherratt, mwaka 2006, waliandika milinganyo ya jinsi idadi za aina hizo mbili zinavyobadilika kadiri siku zinavyopita, wakalinganisha kidonda cha kawaida na cha mwenye kisukari. Katika cha kisukari wale wa kushambulia wanabaki wengi. Kwa macho ya kawaida unaona kidonda kimetulia, hakiumi, hakitoi harufu. Ndani yake vita havijaisha, na vimeng'enya vinavyotolewa na seli hizo vinavunja nyama changa kadiri inavyojengwa. Sukari iliyo juu huendeleza hali hiyo. Nyama iliyokufa na utando wa bakteria uliojishikiza juu ya kidonda huendeleza pia. Ndiyo sababu sisi hukikata na kukikwangua kidonda kilichokwama, jambo linalowatisha jamaa: tunaondoa kinachoyaita majeshi kila siku. Siku hiyo kidonda kitaonekana kikubwa kuliko jana. Kisiwashtue, na kwa ajili ya hesabu, kipimwe kila mara baada ya kukwanguliwa, kamwe si kabla wiki hii na baada wiki ijayo.

Kuhusu dawa ya jirani, sijui ni ipi, lakini chake kiko kwenye muundi na cha mama kiko chini ya unyayo. Vidonda vya muundi mara nyingi hutokana na vena zisizorudisha damu vizuri, na tiba yake kubwa ni bandeji ya kubana. Ukimfunga mama bandeji hiyo kabla ya ateri zake kupimwa, unaweza kumkata damu kidogo aliyo nayo. Msibadilishane matibabu kabisa. Na msiweke spiriti, haidrojeni peroksaidi wala unga wa kapsuli za antibayotiki. Seli za ukingoni tunazozihesabia milimita ndizo za kwanza kuungua. Wala kidonda hakihitaji kukaushwa kwa upepo na jua. Seli hutambaa vizuri palipo na unyevu wa kiasi.

Nimeacha uzito wa mwili mwisho kwa sababu, kwa jinsi ulivyoeleza, ndiyo ninayoishuku zaidi. Kidonda kilianza na kiatu, kiko chini ya kidole gumba, mahali ambapo mwili wote hupita kila hatua, na nina hakika kubwa mama hakihisi kama ungekihisi wewe, kwa kuwa kisukari cha muda mrefu huua hisia za mguu. Kila anapokanyaga, kapilari changa zinabanwa na seli zinasagwa. Modeli nyingi za kidonda hazina hatua ya mtu ndani yake. Zinaeleza kidonda kilicholala kitandani. Huo ni upungufu wa kweli, na ni sababu nyingine inayonizuia kukupa tarehe: hakuna mlinganyo wowote kati ya nilioutaja unaojua mama anapanda ngazi ngapi za ghorofa, au anasimama muda gani kwenye foleni ya matatu.

Lakini ushahidi wa hospitalini upo, na ni mkubwa. Mwaka 2001 David Armstrong na wenzake walilinganisha njia tatu za kuuondolea unyayo uzito. Waliofungwa plasta maalumu ngumu, kama ya mfupa uliovunjika, inayogusana na mguu wote hadi chini ya goti, karibu 90 kati ya 100 walipona ndani ya wiki 12. Waliopewa buti linalovuliwa, 65. Waliopewa kiatu nusu, 58. Dawa ilikuwa ile ile. Na kwa nini buti lishindwe na plasta wakati yote mawili yanapunguza uzito? Mwaka 2003 Armstrong alipima hatua za wagonjwa kwa mashine akakuta waliopewa buti la kuvuliwa walilivaa kwa asilimia 28 tu ya hatua zao za siku. Nyumbani walilivua. Kwenda jikoni, kwenda msalani, kumfungulia mgeni mlango, yote hayo peku au kwa ndara. Siwalaumu. Mguu usiouma haumkumbushi mtu.

Kwa hiyo, dada, kama mngeniambia mna nguvu na pesa za jambo moja tu, ningesema ni hili: ulizeni kuhusu plasta hiyo au buti lililofungwa lisivuliwe. Lina masharti yake. Halifungwi kwa mguu wenye damu chache sana au maambukizi makali, ndiyo maana vipimo vya kwanza haviepukiki, na linataka mtu aliyefunzwa, kwa sababu likifungwa vibaya linatengeneza vidonda vipya. Likikosekana, buti la kuvuliwa linafaa, mradi familia nzima ikubali kwamba halivuliwi hata kwa hatua tatu. Ngozi ngumu inayojijenga kuzunguka kidonda nayo ikatwe na nesi kila anapokwenda, kwani inakandamiza kama jiwe ndani ya kiatu. Msiikate nyumbani kwa wembe.

Huenda mtatajiwa pia chumba cha oksijeni yenye mgandamizo. Nalitaja kwa sababu modeli zilisaidia hapa. Jennifer Flegg na wenzake, mwaka 2009, waliandika modeli ya milinganyo mitatu ya kidonda kinachopewa oksijeni hiyo. Katika hesabu zao, oksijeni ya mgandamizo iliyotolewa kwa vipindi iliweza kukiamsha kidonda kilichokosa damu, ilhali oksijeni ya mgandamizo wa kawaida haikutosha. Hayo ni matokeo ya modeli. Kwa wagonjwa wenyewe majaribio yametoa majibu yasiyokubaliana. Ni matibabu ghali na si ya kuanzia. Mtu akiwauzia kabla hajapima damu ya mguu wala kuondoa uzito, mshukuruni mwondoke.

Sasa mdogo wako, nina kazi kwake. Asitafute mlinganyo wa kukokotoa tarehe. Apige picha ya kidonda mara moja kwa wiki, siku ile ile, mwanga ule ule, simu ikiwa juu sawasawa, na rula kando ya kidonda ikiwa usawa mmoja na ngozi. Kama atapima urefu na upana tu, azidishe kisha azidishe tena kwa 0.785, la sivyo kidonda cha mviringo kitaonekana kikubwa kwa zaidi ya robo kuliko kilivyo. Plastiki ya nesi ni bora kuliko hiyo, kwa hiyo akiwa na namba za nesi atumie hizo. Kisha achore grafu mbili: eneo kwa wiki, na mwendo wa ukingo kwa wiki. Hiyo ya pili ndiyo itakayosema kama jambo mlilobadilisha limefanya kazi, na itasema mapema. Uzito ukiondolewa na mwendo ukapanda kutoka 0.4 kuelekea 1 ndani ya wiki mbili au tatu, mmegusa kizuizi chenyewe. Ukibaki pale pale, kuna kingine, na daktari aliyeshika grafu hiyo mkononi atakitafuta kwa haraka zaidi kuliko aliyeambiwa "naona kama kinapungua". Asihangaike na wiki moja mbaya. Mkono wa anayechora hutetemeka na kidonda hakiwi duara kamili. Aangalie tatu mfululizo.

Rufaa ikubalini. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina kliniki ya kisukari, na hospitali nyingine kubwa za Nairobi pia zinaweza kupima mzunguko wa damu. Ulizeni mapema kuhusu malipo ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, ili msirudishwe dirishani. Bebeni kadi ya nesi na grafu. Waombeni wapime damu ya mguu pamoja na kidole, wachunguze kama kidonda kimefika mfupa, kwani mfupa ulioambukizwa pia hukizuia kidonda kufunga na hauonekani juu, na waangalie kiwango cha sukari cha miezi iliyopita kwa kipimo cha HbA1c. Mama akiogopa, mmoja wenu aingie naye chumbani, na amuulize daktari mbele yake: tunafanya hivi ili kuuokoa mguu? Alisikie jibu kwa masikio yake.

Kuna hali ambazo hazingoji grafu wala siku ya kliniki. Mguu ukivimba ghafla, wekundu au weusi ukienea zaidi ya sentimita 2 kutoka ukingoni (kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo gusa usikie joto na ugumu), usaha au harufu mpya, kidole kugeuka cheusi au baridi, mfupa kuonekana, homa, kutetemeka, kuchanganyikiwa, au sukari kupanda bila sababu na kukataa kushuka. Lolote kati ya hayo, mpelekeni idara ya dharura siku hiyo hiyo, hata ikiwa usiku, hata kama yeye anasema hakuna maumivu. Kwa mguu uliopoteza hisia, kutouma hakuonyeshi chochote, na maumivu mapya katika mguu wa namna hiyo ni sababu ya kwenda mbio zaidi.